Rimu za Kibanda cha Chipsi

Wapendwa, sogezeni masikio. Nataka niwape habari ya mama mmoja na binti yake, na gari moja dogo jekundu. Msiangalie saa, gari lenyewe lilikuwa na mbio, hatutakawia.

Mama huyu, watu walimwita Mama Aikande, ujanani alikuwa dereva wa mashindano. Ndiyo, mama! Wakati ambao wanawake wa mji ule hawakuthubutu kugusa usukani, yeye alikuwa na gari la michezo la milango miwili, fupi, limeinama kama chura anayetaka kuruka. Likiwashwa, kuku wanakimbilia uvunguni. Na kila mwaka palikuwa na mashindano ya magari ya kupanda mlima, barabara ya kona tupu kutoka mjini mpaka kileleni.

Mwaka aliojiandikisha, alikuwa mwanamke pekee. Akapanda vizuri, kona baada ya kona, mpaka ile ya mwisho kabisa. Hapo rimu ya mbele ikapasuka. Paa! Gari likazunguka, likaegemea ukingo. Mwili wake haukuumia. Lakini alishuka mlima kwa miguu, kofia mkononi, na wanaume waliokaa kando ya barabara wakampigia kelele, "Bibie, kimbia, ugali unaungua!"

Akalifungia gari bandani. Hakuliuza, wala hakuliendesha tena.

Miaka ikaenda. Binti yake, Aikande, akakua, akawa dereva wa gari la wagonjwa. Siku moja mama akarudi kutoka kwa daktari wa macho. Akala, akanawa mikono, ndipo akasema, "Mwanangu, daktari anasema mwanga wangu unaondoka, na hakuna dawa ya kuurudisha. Sililii macho. Ninalilia kona moja."

"Kona gani, mama?"

"Ile ambayo sikuipita."

Asubuhi yake Aikande alifungua banda.

Injini ilibembelezwa mpaka ikaamka. Viti vikashonwa upya, breki zikakaa sawa. Lakini magurudumu, ndugu zangu! Rimu moja ilikuwa imevunjika tangu siku ile, na zile nyingine zote zina nyufa. Na kiwanda kilichounda gari lile kilishafungwa zamani. Rimu zake halisi hazipatikani tena. Ilibidi zitafutwe zilizotengenezwa na watu wengine, ilimradi zikae. Nani kati yenu hajawahi kununua kiatu kwa sababu kinapendeza, akafika nacho nyumbani, mguu ukakataa?

Aikande alinunua rimu mpya, zinang'aa unaweza kujitazama ukachana nywele. Matundu ya nati yakalingana, akapiga vigelegele. Fundi akafunga moja, akaisukuma izunguke. Krrr! Inakwangua breki kwa ndani. Aikande akatafuta nyingine, pana zaidi. Hizo zikaikwepa breki, lakini zikatokeza nje zikasugua madigadi, lile bati la juu ya gurudumu.

Fundi akasema, "Dada, dawa ipo. Nikate madigadi kidogo tu."

"Ukate gari la mama?"

"Basi nichonge rimu. Nipanue matundu, nati zitashika."

"Zitashika mpaka wapi?"

"Mpaka zitakapochoka."

"Na zikichokea kwenye kona?"

Fundi akarudisha msumeno ukutani.

Hapo Aikande akachukua ubao mwembamba akakata kipimo: tundu la katikati, matundu manne ya nati, na kijiti cha kupimia kina. Akatembea nacho maduka yote ya vipuri, akaingia kwa wauza vyuma chakavu, akapanda juu ya marundo ya magari yaliyokufa. Watu wakamzoea: "Yule dada wa ubao." Kila mwenye duka anamwambia, "Chukua hizi, ndizo wanazopenda watu." Anaweka ubao, anatikisa kichwa. "Nzuri, kaka. Lakini hazikai."

Mashindano ya mwaka ule, ambayo Aikande alikuwa amejiandikisha, yakakaribia. Mama alikuwa haoni tena vizuri jioni, anapapasa kikombe mezani. Na Aikande, amechoka, amevunjika moyo, akakaa kwenye kibanda cha chipsi karibu na stendi, mojawapo ya vile vya bati vinavyosukumwa kwa magurudumu manne. Uma ukamponyoka. Akainama kuuokota.

Akabaki huko chini.

Rimu ya kibanda ilikuwa imepakwa rangi ya kijani, imejaa masizi na mafuta. Lakini umbo lile! Aikande akapiga magoti kwenye vumbi, na gauni lake la kazini, akaanza kukwangua kwa kucha.

Muuza chipsi akachungulia. "Dada, umepoteza nini huko?"

"Nimepata! Hizi rimu umezitoa wapi?"

"Nilikinunua kibanda kikiwa nazo. Kwani zina nini? Zimebeba viazi vyangu mvua na jua, hazijawahi kulalamika."

Jeki ikaletwa. Kibanda kikainuka upande mmoja, chupa za tomato zikayumba, wateja wakashika sahani zao. Gurudumu likafunguliwa. Aikande akaweka ubao wake. Tk! Ukaingia. Haukulazimishwa, wala haukucheza. Yule dada akakaa chini palepale stendi akalia, na waliokuwa wakila hawakujua kama wampe pole au hongera.

Muuza chipsi akashika kiuno. "Sasa dada, mimi nitasukuma kibanda kwa mgongo?"

Hapo ndipo Aikande akakumbuka zile rimu zake zinazong'aa. Matundu ya nati si yalilingana? Na kibanda kina breki gani ya kukwanguliwa? Mnacheka! Ziliingia kama zimezaliwa humo. Kikawa kibanda maridadi kuliko vyote mjini, watu wanakuja kupiga picha, wanaondoka na chipsi.

Zile za kijani zikasuguliwa, zikavalishwa tairi mpya, zikajazwa upepo na kutumbukizwa majini. Hakuna hata kiputo kimoja. Zikafungwa kwenye gari. Fundi akasukuma gurudumu. Likazunguka, likazunguka, halina hata sauti.

Siku ya mashindano, Aikande alishika usukani, mama yake pembeni, kofia yake ileile kichwani. Macho hayakuona mbali, lakini barabara ile alikuwa nayo moyoni. "Kulia, mwanangu, fupi. Sasa liachie. Kushoto, usiogope, pana." Gari likaunguruma, magurudumu yakauma lami. Wakaifikia kona ya mwisho. Aikande akahisi mguu wake unataka kwenda kwenye breki.

"Usipunguze," mama akasema. "Ongeza!"

Akaongeza. Gari likaegemea, likashika, likapita! Walipofika kileleni, umati ulikuwa umesimama wote. Hawakushika nafasi ya kwanza, wala hakuna aliyeuliza nafasi. Mama akashuka, akapanua mikono kwenye upepo wa juu kule, akapaza sauti, "Nimefika!" Na watu wazima, wanaume na wanawake, wakarusha kofia zao angani.

Sasa, najua mnachongojea. Mnangojea niwaambie: nanyi tafuteni kama Aikande, msikate tamaa. Hapana. Leo sitasema hivyo.

Sisi sio Aikande. Sisi ni zile rimu.

Wewe mama unayeosha masufuria kwenye kila msiba, na hakuna anayejua jina lako. Wewe kijana uliyesomea jambo moja, ukajikuta umebeba jingine kabisa, umepakwa rangi isiyo yako. Unasema, "Mimi ni wa chini ya kibanda, basi." Nikuulize: rimu ile ilijua kwamba inatafutwa? Ilijua kuna mtu anazunguka mji mzima na kipimo chake mkononi, anakataa za kila mtu, kwa sababu pengo lile ni la rimu hiyo na hakuna nyingine ya kulijaza? Haikujua! Ilibeba viazi. Na kule kubeba viazi hakukuipunguzia hata unywele wa kipimo chake.

Mungu anayekutafuta hataki kukuchonga uwe fulani. Atakwangua masizi, ndiyo; na kukwanguliwa kunauma. Lakini kipimo alichokuumbia anakijua, na hajaridhika na mwingine mahali pako. Basi acha kumwonea wivu anayeng'aa. Naye ana pa kukaa.

Na maisha yako yakianza kuinuliwa upande mmoja, vitu vikayumba, watu wakashika sahani zao, usilie kwamba unabomolewa. Unafunguliwa, ndugu yangu. Kuna mlima unakungoja. Haya, tusimame, na yeyote mwenye kigelegele asikifiche.