Sioni ya Mwepesi na Sioni ya Chonge

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma mmeitikia kama mliolala njaa. Tena: Paukwa!

Pakawa!

Haya, hapo sasa nasimulia.

Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na shule. Shule moja tu, ya Mwalimu Korongo. Watoto wa swala walitoka ukingoni mwa mto, kwenye majani mabichi. Ngozi zao laini, zinang'aa. Watoto wa ngiri walitoka nyikani, kwenye vumbi na mashimo. Ngozi zao nyeusi, nywele zimesimama kama ufagio wa chelewa. Mto ulikuwa wa swala. Vyura wa mtoni nao walikuwa wa swala. Na Korongo hula nini? Vyura. Basi, nyie si wajinga, tuendelee.

Mfalme Tembo akatoa amri. Mtoto anayepata shida kusoma asaidiwe. Apewe mwalimu wake wa peke yake, na kikapu cha karanga kila wiki. Amri nzuri sana. Ila amri ilikuwa ya Tembo, na kipimo kilikuwa cha Korongo.

Kipimo chenyewe kilikuwa hivi. Korongo anapanda juu ya kichuguu. Anasimama kwa mguu mmoja. Kwa mguu wa pili anainua matete. Mtoto anawekwa kule mbali, anaulizwa ni mangapi.

Akaja Mwepesi, mtoto wa swala. Macho yake hayakuona mbali.

"Matete mangapi?"

"Sioni," akasema Mwepesi.

"Maskini, mtoto mkweli," akasema Korongo. "Macho yanamsumbua. Mkalisheni mbele kabisa. Na Chiriku awe mwalimu wake wa peke yake, akae pembeni, amsomee sikioni."

Akaja Chonge, mtoto wa ngiri. Naye macho yake hayakuona mbali. Sasa, ngiri hula kwa kupiga magoti. Magoti yao yana sugu tangu utotoni. Hata akitaka kukitazama kitu vizuri, ngiri hupiga magoti kwanza. Ndivyo walivyolelewa. Chonge akapiga magoti, pu, akakaza macho.

"Matete mangapi?"

"Sioni," akasema Chonge.

"Huoni au hutaki? Na mbona umeanguka? Hata kusimama huwezi? Mzito huyu. Banda la nyuma."

Banda hilo lilikuwa na jina zuri, Banda la Huruma. Ndani hamna mwalimu. Mna changarawe. Watoto wanachambua changarawe, nyeupe huku, nyeusi huku. Jioni zinachanganywa, kesho waanze upya. Wote mle ni ngiri, na vifisi viwili vitatu vya nyikani. Karanga zao zilifika kila wiki. Zikalipita banda, zikaenda darasa la mbele. Korongo alisema karanga huwavimbisha tumbo watoto wazito. Wenyewe hakuwauliza.

Mama Chonge akaenda kwa Korongo.

"Hodi, mwalimu."

"Karibu, mama. Ila usisogee sana, una vumbi."

"Mwalimu, mwanangu alikuwa anajua herufi. Ukimsogezea karibu, anasoma. Sasa zinampotea. Jana nimemwandikia jina lake mchangani, akalitazama kama jina la mgeni."

"Mama, si kila mtoto ni wa kusoma. Wengine Mungu kawapa magoti."

"Mbona mwana wa swala naye alisema haoni?"

"Yule macho yanamsumbua," akasema Korongo. "Nyie ndivyo mlivyo."

Mama Chonge alirudi nyumbani analia. Alilia kwa hasira na kwa uchungu, maana alimjua mwanawe.

Msimu ukapita, siku ya kupimwa upya ikafika. Asubuhi hiyo Mwepesi akaenda nyikani kumtafuta Chonge, rafiki yake wa michezo. Akawakuta ngiri wanaoga tope, maana kwao tope ndiyo sabuni. Mwepesi naye akajitosa, chubwi. Wakagaagaa, wakacheka. Akatoka mweusi tii, masikio mpaka kwato. Tope likamkaukia mwilini. Wakakimbia shuleni, ti ti ti, wamechelewa.

Korongo yuko juu ya kichuguu.

"Wewe. Matete mangapi?"

Mwepesi akakumbuka Chonge anavyofanya akitaka kuona vizuri. Akapiga magoti, pu, akakaza macho.

"Sioni."

"Mwingine huyo," akasema Korongo, wala hakumtazama mara mbili. "Banda la nyuma."

"Mwalimu, mimi ni Mwe..."

"Na mdomo pia anao. Mtieni ndani."

Jioni Mama Mwepesi akangoja, hamwoni mwana. Mbio mpaka shuleni. Akamkuta bandani anachambua changarawe. Akapiga yowe, vyura wote wakazama. Korongo akatetemeka mpaka akateremsha ule mguu wa pili.

Akaagiza maji. Mwepesi akaoshwa, akang'aa. Akapimwa pale pale, wazazi wote wanatazama.

"Matete mangapi, mwanangu?"

Mwepesi akapiga magoti, pu. "Sioni."

"Mnaiona adabu hiyo?" akasema Korongo. "Kanipigia magoti mwalimu wake. Mtoto mwenye heshima. Mrudisheni mbele, na Chiriku wa pili aongezwe."

Mama Chonge alikuwa pale, amekuja kumchukua wake, na ya asubuhi Chonge keshamsimulia.

"Mwalimu," akasema taratibu, "swali lile lile. Jibu lile lile. Magoti yale yale. Kilichoondoka ni tope tu. Sasa ulikuwa unapima nini?"

Korongo akakohoa. "Hilo ni jambo kubwa. Tutaunda tume."

"Mwenyekiti nani?"

"Mimi."

Mama Chonge akamgeukia Mama Mwepesi. "Dada yangu, banda umeliona kwa macho yako. Utasema neno?"

Mama Mwepesi akatazama banda. Akatazama chini. "Wangu ametoka," akasema. "Ya wenzangu siyajui." Akamchukua mwanawe, akaenda zake. Mkuki kwa nguruwe, jamani, mnaujua wenyewe.

Mama Chonge hakuingoja tume. Kesho yake akaja na mama ngiri wote wa nyikani. Wakawatoa watoto bandani, wakawaingiza darasa la mbele. Kisha wao wenyewe wakaingia bandani, wakajaa mpaka mlangoni, meno nje.

"Tokeni humo," akasema Korongo. "Mnaharibu utaratibu."

"Ulitaka ngiri bandani, mwalimu," akasema Mama Chonge. "Tumo. Wewe kafundishe."

Korongo akayatazama yale meno. Akaenda kufundisha.

Chonge alikaa mbele, ubao karibu na pua. Akaambiwa asome. Akasoma, akakwama. Akasoma, akakwama. Msimu mzima wa changarawe ulikuwa umemlia herufi zake. Mwepesi akataka kumnong'oneza, Chonge akakataa, akarudia mwenyewe. Mama yake kule bandani alisikia kila alipokwama.

Na funzo lake ni hili, wakubwa na wadogo. Ukimpima mtoto kwa ngozi yake na kwa malisho ya mama yake, yeye hujampima. Na msaada wa wote ukishagawiwa kwa kupendelea, mtoto wa mnyonge hupoteza hata kile kidogo alichokuja nacho, na kukirudisha ni kazi.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyeguswa asinune, na mwenye yake asogee aisimulie.