Mguu Ulioagizwa Uwanjani

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe unayetafuna karanga tafuna polepole. Hapo zamani, wakati wanyama walipojenga nyumba na kupeleka watoto mazoezini, watoto wao walicheza raga, ule mchezo wa mpira wenye umbo la yai.

Uwanja ulikuwa chini ya mlima wenye ukungu mwingi. Aliyechora mistari ya chokaa ni Mama Nguchiro, mdogo wa mwili, mwepesi wa akili. Mwamuzi alikuwa Bwana Korongo, na siku hiyo alikuja amenuna.

"Mama Nguchiro, waamuzi watatu wameshakimbia matusi ya wazazi. Nikitukanwa leo, naiacha filimbi hapa hapa. Na bila mwamuzi, watoto hawana mchezo tena."

Nguchiro akamtazama binti yake aliyekuwa akifunga viatu huku akiimba. Moyo ukamuuma.

Mechi ikaanza. Pu! Pu! Kishindo, mtoto wa Mzee Kifaru, akamwangusha Swala mdogo kihalali, kisha akampa mkono kumwinua.

"We Kishindo!" akanguruma Mzee Kifaru kutoka pembeni. "Unambembeleza? Mvunje mguu! Nataka mguu!"

"Na wewe Korongo," akadakia Bi Nyati, "una macho au una vifungo?"

Aibu gani hiyo! Watu wazima na pembe zao! Korongo akaitoa filimbi mdomoni.

Papo hapo ukungu ukashuka, mzito, baridi. Hata pua yako huioni.

"Watoto, kaeni chini katikati!" Korongo akaamuru. "Kimya mpaka niseme!"

Watoto wakatii, wakaketi.

Ndipo sauti ikatoka ardhini, chini kabisa ya miguu ya Kifaru.

"Naaani... ameagiza mguuu?"

"N-nani wewe?" akauliza Kifaru.

"Mimi husikia kila kinachotakwa uwanjani. Mguu wako tayari. Nimeushika."

"Mie sikuagiza mguu!" Bi Nyati akaanza kurudi kinyumenyume. "Mie niliuliza macho tu!"

"Macho yako yanakuja, Bi Nyati. Subiriii..."

Subiri nini? Bi Nyati alitimka, mlio wa kwato ukapotelea ukunguni.

"Mguu huu mnene," sauti ikaendelea. "Una vidole vitatu. Goti limefungwa kitambaa chekundu."

Kitambaa kile Kifaru alikifunga mwenyewe asubuhi.

"Huyo ni mwanangu! Kishindo! Kishindooo!"

Hakuna aliyeitika.

"Muache! Sitaki mguu! Chukua wangu!" Mzee mzima akapiga magoti, machozi yakamtiririka.

"Anayeweza kulitengua agizo ni mwamuzi tu. Muombe radhi. Kwa sauti ile ile uliyoagizia."

"Bwana Korongo! Nisamehe! Watoto, nisameheni! Sitawatakia mabaya tena!"

Upepo ukavuma, ukungu ukainuka. Watoto walikuwa wamekaa duara, wazima wote.

"Baba, nilikusikia ukiniita," akasema Kishindo. "Lakini mwamuzi alisema kimya."

Kando ya mstari palikuwa na shimo la muhanga, yule mnyama mchimba mashimo, refu, lililopita chini kwa chini hadi aliposimama Kifaru. Mara puh! Mama Nguchiro akachomoza, udongo hadi masikioni.

"Kumbe ni wewe!" Kifaru akafoka.

"Mimi niliuliza tu nani ameagiza, mzee. Jibu ulikuwa nalo wewe."

Korongo akapuliza, priii! Swala mdogo akanyakua mpira, akampita Kishindo, akaenda kuubandika chini nyuma ya mstari, akapata alama. Na Mzee Kifaru akampigia makofi.

Basi wanangu, ukisimama kando ya uwanja, usimtakie mtoto wa mwenzako jambo usilotaka limpate wako.