Kwa Nini Mnana Aliacha Rangi Akasuka Majani

Enzi hizo ndege walikuwa hawajajua kujenga. Walitaga chini, popote usingizi ulipowakuta, na mayai yao yote yalikuwa meupe pe. Fundi wa kuyapamba alikuwa Mnana. Kwa unyoya mwembamba, udongo mwekundu na masizi, alichora vijipicha juu ya mayai ya kila aliyekuja.

Kazi hiyo ilimchosha hadi kwenye mifupa. Shingo ilimkakamaa, macho yalimwuma, na wateja wenyewe hawakuwa na shukrani. Kwale alirudisha mayai akidai madoa yamerundikana upande mmoja. Kanga ndiye kabisa, hakutaka kusikia habari ya foleni. Jioni fundi alirudi kwa mkewe akiwa hoi.

"Ya watu unayapamba, mume wangu," mkewe alimwambia. "Haya yetu je?"

Mnana akaona haya. Kesho yake aliwafukuza wateja, akayachora mayai ya mkewe kwa ufundi wake wote. Aliyatia buluu ya kung'aa, akayazungushia vidoa vyekundu. Hakuwahi kuchora kitu kizuri namna ile. Kenge, aliyekuwa akiota jua ng'ambo ya mto, naye akayaona. Alivuka, akayameza yote, wenyewe wakipiga kelele hewani.

Mkewe alilia mpaka sauti ikamkauka. Kisha akasema, "Nimechoka na vya kutazamwa. Nitafutie pa kuyaficha mayai yajayo."

Njiwa alipofika asubuhi akibingirisha mayai yake, alikuta rangi zote zimemwagwa mtoni. "Nisamehe, dada," Mnana alimwambia. "Unyoya sishiki tena." Ndiyo maana mayai ya njiwa ni meupe hadi leo. Mnana akaenda kuchana majani ya matete, akayafunga kwenye tawi lililoning'inia juu ya maji, akasuka kiota kutwa nzima. Mkewe alikuja, akakivuta kwa nguvu kupima uimara wake, kikalegea. Mnana akakibomoa, akaanza upya.

Na tangu siku hiyo, mnana dume husuka kiota na jike huja kukivuta. Jike akikikataa, dume hukibomoa bila ubishi na kufuata majani mengine. Huchoka, tena sana. Lakini hathubutu kumlaumu mwenzake, maana rangi iliyomwita kenge ni yeye aliyeipaka.