Chungu Alichokilinda Bwana Nyati

Hapo zamani za kale, na anayesinzia nitamfinya, palikuwa na mlima wenye moto tumboni. Wanyama walijenga ubavuni mwake kwa sababu ndizi zilistawi mno.

Mfalme Tembo alimpa Mzee Kobe kazi ya kuusikiliza mlima. Kobe akatega chungu cha maji juu ya mwamba. Mlima ukitulia, maji hutulia. Ukichafuka, maji hucheza. Basi, utaalamu wenyewe ndio huo! Lakini Mfalme akaamuru chungu kijengewe kibanda, akamweka Bwana Nyati mlangoni na baragumu.

"Raia wakiyaona maji watapata wasiwasi," alisema Mfalme.

Asubuhi moja baragumu likalia. Puuuu!

"Hameni!" akanguruma Nyati.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimesema!"

Wanyama wakacheka. "Mwaka jana tulihama bure, tukarudi tukakuta mikungu yetu imeliwa. Na huyo Kobe ni mtu wa serikali, husema anachoambiwa."

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Hawa wakasema kuna janja.

Bi Pimbi, mdogo kuliko wote, hakucheka. Alikuwa na vitoto vichanga kwenye majabali ya juu kabisa. Akivishusha bure, tai atavinyakua njiani. Akivibakiza na mlima upasuke, vitaungua. Roho ilimuuma kweli.

"Shikamoo, Mzee Kobe. Maji yanasemaje?"

"Marahaba. Nimeapishwa nisiseme, mwanangu." Machozi yakamlengalenga.

Bi Pimbi akaenda mbiombio mpaka kwa Nyati. "Hongera, Bwana Nyati!"

"Ya nini?"

"Ya pombe! Wanasema humo ndani umepika pombe kwa zile ndizi za mwaka jana. Eti wanaisikia ikichacha, bwi bwi bwi."

"POMBE? Mimi?"

"Mimi nawabishia, lakini mlango umefungwa. Nitawaonyesha nini?"

Nyati akaupiga mlango teke. Kraa! "Njooni nyote! Njooni muonje!"

Wakaja, nani akose pombe ya bure? Fisi akatangulia kuchovya ulimi. "Ptu! Maji matupu!"

"Mmeona?" Nyati akatunisha kifua.

"Tumeona," akasema Bi Pimbi. "Mbona yanacheza na hakuna aliyeyagusa?"

Wote wakasimama tuli. Chwa! Chwa! Maji yakaruka ukingoni.

"Mmejionea wenyewe, kwa hiyo nami nitasema," akasema Kobe. "Jana yalitikisika kidogo tu. Leo yanamwagika. Mlima hautangoja jioni. Nawaombeni, shukeni!"

Safari hii hakuna aliyemcheka. Bi Pimbi alikimbilia vitoto vyake, na Twiga akamsaidia kuvibeba. Walipofika ng'ambo ya mto, mlima ukapasuka. NGURUUUM! Migomba yote ikafunikwa na majivu, lakini hakuna aliyekufa.

Nyati alifika wa mwisho, mkia unafuka moshi. "We Pimbi! Nani hasa alisema napika pombe?"

"Mimi, Bwana. Nilikuwa najisemea njiani."

Hata Mfalme Tembo alicheka, kisha akaona haya. Chungu kipya kikawekwa uwanjani, bila kibanda wala mlinzi.

Basi wanangu, ukitaka mtaalamu wako aaminiwe, usimfunikie chungu chake.