Ua Lisilo na Kitumbo

Mwanamke mmoja alikuwa na konzi moja ya mbegu za maboga. Aliachiwa na marehemu mama yake, na milimani kwao Upare hapakuwa na mwingine aliyebaki na mbegu ile. Nakijwa, ndilo jina lake, akazipanda zote. Zisipozaa, ndiyo basi tena.

Mimea ikatambaa, ikachanua, naye akajawa na furaha. Kila asubuhi alichuma maua ya kupika mboga, kama ilivyo desturi ya kwao. Tena alichuma kwa akili, au ndivyo alivyodhani. Ua lenye kitumbo cha boga chini yake aliliacha. Ua lililosimama juu ya kikonyo kitupu alilikata. Hili halizai, alijiambia, linakula mbolea ya bure. Akayakaanga na nyanya, na nyumba nzima ikafurahia.

Kisha vitumbo vikaanza kugeuka njano na kudondoka. Nakijwa akaongeza samadi, akamwagilia, usingizi ukampaa. Vikazidi kudondoka.

Mumewe, Mbonea, alifuga nyuki. Siku moja aliwaona wakitoka kwenye maua yale miguu mitupu, bila vumbi lao la njano. Akatazama shamba, akatazama sahani yake, akacheka mpaka akakaa chini.

"Mama Eliamani, umetupikia mabwana harusi wote. Hao mabibi harusi waolewe na nani?"

Nakijwa hakucheka. Kulipopambazuka alikuwa shambani. Ua moja la kitumbo lilikuwa limefunguka, la mwisho. Akapekua majani akitafuta dume, akalipata chini kabisa, dogo, mahali ambapo kisu chake hakikufika. Akalichuma kwa mkono uleule uliowamaliza wenzake, akalisugua taratibu ndani ya lile jike mpaka unga ukashika.

Tangu hapo hakuingia jikoni kabla ya kwenda kutazama. Kitumbo hakikugeuka njano. Kikawa kama yai, kikawa kama ngumi, na asubuhi moja majirani wakasikia vigelegele vya mtu mmoja katikati ya majani. Boga lile lilipopasuliwa, mbegu zake zilitandazwa ungo mzima, na Nakijwa akalia kwa furaha mbele ya watu.

Nanyi mnaotazamana nyumbani na kanisani mkiuliza huyu anatuzalia nini, mmeshawakata wangapi?