Fisi wa Miguu Mitatu Mibovu

Paukwa.
Pakawa.
Pakawa nini?
Pakawa na uzio, ndani ya uzio vizimba, ndani ya vizimba wagonjwa.
Na wagonjwa wana nini?
Wana manyoya, wana kwato, wana njaa.
Haya, tupe.

Basi paliondokea mama mmoja huko milimani Taita, jina lake Mkamburi, kazi yake kuuguza wanyama wa porini. Aliyenaswa, aliyegongwa, aliyeachwa yatima, wote walipelekwa kwake. Wakipona, aliwafungulia mlango wakaenda zao. Wasaidizi wake walikuwa wawili: Mwakio, dereva mstaafu, na Wakesho, binti wa chuo aliyekuwa likizoni. Walikuja kwa moyo tu, wakarudi makwao na mikwaruzo.

Palikuwa na sharti. Ndani ya uzio hakuna kusema, hata chafya uimeze. Mnyama akizoea sauti ya mtu, siku akitoka ataifuata mpaka kwenye mkuki. Kwa hiyo waliingia kwa zamu, midomo imefungwa: Mkamburi asubuhi, Mwakio mchana, Wakesho jioni. Kila aliyetoka aliandika neno kwenye ubao wa mlangoni, akaenda kwenye kazi nyingine.

Siku moja akaletwa Fisi, waya wa mtego umemkaba shingo. Wakaukata, wakamsafisha, wakamlisha mpaka shingo ikapona. Kesho yake afunguliwe. Fisi akawaza: porini nyama ina miguu, inakimbia. Hapa nyama inaletwa. Akaanza kuchechemea.

Asubuhi alipokuja Mkamburi, Fisi akanyanyua mguu wa mbele wa kushoto. Che, che, che. Mkamburi akaandika: "Fisi, mguu. Apewe bakuli la maziwa."

Mchana mguu ule ulikuwa umechoka, maana uongo nao ni kazi. Alipokuja Mwakio, Fisi akanyanyua wa mbele wa kulia. Che, che, che. Mwakio akasoma ubao, akatikisa kichwa, akaandika: "Mguu bado. Bakuli."

Jioni alipokuja Wakesho, Fisi akanyanyua wa nyuma. Che, che, che. Wakesho akaandika: "Maskini, mguu bado. Bakuli."

Sasa, mbuzi wa kukamwa walikuwa wawili, maziwa yao mabakuli manne kwa siku. Matatu yakaenda kwa Fisi. Moja likabaki kwa mtoto wa Digidigi, asiye na mama wala meno ya kutafuna majani. Jumatatu alisimama. Jumatano aliegemea ukuta. Ijumaa hakuinuka.

Kizimba cha jirani alikuwamo Pimbi, aliyeng'atwa matako na mbwa. Kwa kuwa hakuweza kukaa, alisimama siku nzima akitazama. Aliona miguu mitatu, aliona na Digidigi asiyeinuka. Akapenya chini ya waya akamwendea Fisi.

"Shikamoo, Mzee Fisi."

"Marahaba, kitoweo. Wasemaje?"

"Ni mguu gani hasa unaokuuma?"

"Inategemea nani anauliza."

"Hapo ndipo unapojipunja, mzee wangu. Kila mmoja anajua mguu mmoja, anakupa bakuli moja. Waje wote pamoja waone mitatu. Kwa huruma waliyo nayo, watakuletea mbuzi mwenyewe na kamba yake."

Mate yakamtoka Fisi, churuu. "Watakujaje pamoja?"

"Hiyo niachie mimi. Wewe ukiwaona, nyanyua yote mitatu. Asiyeuona mguu wake atasema umepona."

"Na nitasimamia nini?"

"Si una wa nne, mzee? Au nao unauma?"

Pimbi akarudi kwake, akapanda juu ya jiwe, akapiga ukelele wa kwao. Kwii, kwii, kwiiii, kama mtu anayechunwa ngozi. Pale, mgonjwa akilia hivyo, kila mtu huacha anachofanya akakimbia. Mkamburi akaja na bomba la sindano, Mwakio na koleo, Wakesho na povu la sabuni mpaka viwikoni. Wakasimama mbele ya vizimba, kimya.

Fisi akawaona watatu. Akanyanyua wa kushoto, kwa ajili ya Mkamburi. Mwakio akakunja uso. Akanyanyua na wa kulia, kwa ajili ya Mwakio, akabaki wima kama mgombea anayeomba kura. Wakesho akainamisha kichwa kutazama. Fisi akanyanyua na wa nyuma.

Pu.

Akaanguka chali, miguu minne hewani, yote mizima. Bakuli likapinduka, pande la nyama likabingirika, naye akaruka akalifukuza, tifu tifu tifu, kizimba kizima mara mbili.

Wale watatu wakatoka upesi, wameuma midomo. Nje ya lango Mwakio akashika nguzo akacheka mpaka kofia ikaanguka.

"Mama, mimi niliuona ule wa kulia."

"Mimi wa kushoto," akasema Mkamburi.

"Mimi wa nyuma," akasema Wakesho.

"Basi tumemuuguza fisi kama meza, mguu baada ya mguu," akasema Mwakio.

Mkamburi hakucheka. Alikuwa ameyakumbuka maziwa. Akarudi ndani, akampakata Digidigi, akamtilia maziwa mdomoni, tone, tone, tone, midomo yake mwenyewe imefungwa na machozi yanatiririka. Asubuhi Digidigi alisimama, akatetemeka, akaanguka, akasimama tena.

Siku hiyo hiyo Fisi akafunguliwa mlango. Akagoma. Mwakio akagonga debe nyuma yake, na Fisi akaenda porini kwa miguu minne.

Wakesho bado alikuwa anachemka. "Mama, tuwe wagumu. Mgonjwa athibitishe kwanza ndipo ale."

"Digidigi angethibitishaje, mwanangu? Bora nidanganywe na fisi saba kuliko nimrudishe mlangoni mmoja aliyevunjika kweli. Hatukukosa ukali. Tulikosa kuambizana." Akachukua chaki, akachora ubaoni fisi mwenye miguu minne, ili kila mtu atie alama kwenye mguu aliouona.

Funzo? Naona wale wanaosema wenye huruma ni wajinga wameshafungua midomo. Wafunge. Funzo la ngano hii ni kwamba ukitaka kuwanyonya watu wema, chagua mguu mmoja na uwe mwaminifu kwake maisha yako yote.

Ngano yangu imeshavuka uzio. Mwenye mbio aifuate.