Ini la Wazee

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ni pakawa ya watu waliolala. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Anayetafuna ameze, anisikilize.

Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji kilichozungukwa na vichuguu. Kijijini humo wanawake walikuwa wakifa kwa uzazi. Alianza mmoja, akafuata wa pili, akafuata wa tatu. Mtoto analia, mama kanyamaza. Watu wakazika, wakasema ni kazi ya Mungu, wakarudi kulima.

Kalunde alikuwa na mimba ya miezi sita, na alikuwa na siri. Kila asubuhi akienda kuteka maji alipitia kichuguuni. Kwaru, kwaru, kwaru, anakwangua udongo. Anaula. Hakujua kwa nini anautamani. Alijua tu kwamba akipanda mwinuko na mtungi, moyo humpiga ti-ti-ti-ti na macho yakaingia giza. Tena alijua kwamba wale watatu nao walikuwa wakila udongo. Aliogopa, jamani. Aliogopa sana.

Siku moja, kwaru, kwaru, kwa... mkono ukamshika bega. Alikuwa Bibi Nyamizi, mkunga wa kijiji, mwanamke mkavu mwenye mdomo mkali.

"Usinitangaze, bibi," Kalunde akalia.

"Nikutangaze kwa nani? Hebu nione jicho."

Bibi akavuta kope la chini. Ndani palikuwa peupe kama pamba.

"Tema huo udongo. Damu imekuishia, mjukuu wangu, na udongo hauirudishi. Twende."

"Wapi, bibi?"

"Kunakochinjwa."

Kalunde akarudi nyuma. Siku hiyo wazee walikuwa wamechinja fahali, na pale mwanamke hakanyagi. Ini lilikuwa la wazee peke yao. Mwanamke aliyelionja alifukuzwa kijijini, mimba na yote.

Walipofika, wazee wakageuka wote. Mzee Kapalata, mkuu wa wazee, alikuwa ameshika kisu, na ini limelala juu ya majani mbele yake.

"Nyamizi, umepotea njia?"

"Sijapotea. Nimefuata ini."

Wazee wakainuka, na fimbo zikainuka nao. Kalunde akataka kukimbia. Bibi akambana mkono.

"Shemeji Kapalata, vuta kope lako, wenzako waone."

Kapalata akalivuta kwa hasira. Ndani pekundu. Bibi akavuta la Kalunde. Ndani peupe. Wazee wakatazamana.

"Na Sado binti yako," bibi akasema, "siku nilipokuita uje umwone, jicho lake lilikuwaje?"

Sado ndiye aliyekuwa wa tatu kufa, na baba yake alimzika kwa mikono yake.

"Kama la huyu," Kapalata akasema.

Kalunde alikitazama kisu, hakutazama kingine. Kikapanda. Kikashuka. Cha! Kikakata ini. Mzee akalichoma mwenyewe, likaiva, akampa.

"Kula, mwanangu. Kama ni dhambi, ni yangu."

Kalunde akala huku machozi yanamtoka.

Tangu hapo kila kilipochinjwa kitu alipata fungu lake, na siku nyingine akala maharage na majani ya kunde. Udongo akauacha, kwa shida. Moyo ukapunguza mbio. Hofu haikupungua.

Siku ya uchungu ikafika. Kapalata akakaa mlangoni tangu jua linachomoza. Mtoto akalia. Na mama je? Kimya. Kapalata akaweka mikono kichwani. Kimya. Kisha sauti ndogo ikatoka ndani:

"Nina njaa."

Mzee yule alilia hadharani, wala hakuona haya.

Leo mnaambiwa ni madini ya chuma, yamo kwenye ini, yamo kwenye mboga, ndiyo yanayojenga damu. Bibi Nyamizi hakulijua jina hilo. Alijua kutazama jicho, na alijua chakula kimekaa kwa nani. Basi nanyi mnaogawa nyama, msianze na mwenye cheo. Anzeni na mwenye kuhitaji.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye mlango wa Kalunde. Aliyesikia njaa aende jikoni, lakini kwanza amuulize mjamzito wa nyumba yake amekula nini.